Masikio ya Perere

Leokadia Mkude alifika Shule ya Msingi Kisosa Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa bado wanafagia uwanja. Shirika la Milima Hai lilikuwa limemtuma kupiga picha za wanafunzi wakimtazama Perere, kwa ajili ya sherehe ya miaka kumi ya katuni hiyo. Alikuja kwa moyo mkunjufu, maana Perere alikuwa wake. Alimchora mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa penseli, nyuma ya karatasi ya mtihani uliokwisha kusahihishwa: mnyama mdogo wa mtini, manyoya ya kahawia, masikio makubwa kuliko kichwa, anayekaa juu ya mti mmoja milimani na kuogopa karibu kila kitu duniani isipokuwa mtu mwenye shoka.

Filamu arobaini za kwanza alizichora kwa mkono wake, na sauti ya Perere ilikuwa sauti yake mwenyewe, ameibana kidogo tu puani. Kisha shirika likaleta akili mnemba, na Perere akawa hai. Hakukuwa tena na filamu moja kwa nchi nzima. Kila asubuhi kila darasa lilipata filamu yake mpya, iliyotungwa usiku kutokana na yale watoto wa darasa hilo waliyosema jana yake. Perere aliwajua kwa majina. Alijua nani ana mche wa msederela na nani mche wake umeliwa na mbuzi.

Darasa la tatu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Ukuta wa mbele, uliopakwa rangi ya picha, ile inayoonyesha filamu, kutoka sakafuni hadi darini, uliwaka, na Perere akashuka kutoka kwenye tawi akiwa ameshika mche ulionyauka.

"Jamani, huyu anakufa," alisema kwa sauti ya Leokadia. "Nifanye nini?"

"Tandaza nyasi," wakasema watoto. "Mwagilia jioni, siyo mchana."

Leokadia alipiga picha. Huko nje, kupitia dirishani, aliuona mlima ambao utotoni mwake ulikuwa kipara chekundu. Sasa ulikuwa kijani hadi juu. Aliupiga picha nao, kwa fahari.

Kisha Perere akakaa kwenye tawi, akaziacha kelele zitulie, akainamisha masikio yake kuelekea darasani.

"Sasa niambieni," alisema taratibu. "Jana jioni kwenu mlipikia nini?"

Leokadia aliishusha kamera. Swali hilo hakuliandika yeye.

Watoto walijibu mmoja mmoja, bila wasiwasi, kama watu wanaojibu mwito wa majina. Gesi ya samadi. Jiko la jua. Gesi ya samadi. Mvulana mmoja akasema kuni.

"Kuni za wapi, Faraja?"

"Za mjomba. Alizitoa kule juu."

"Kule juu ni mbali. Mimi sijafika. Njoo unichoree njia."

Faraja akainuka, akaenda ukutani, akachora kwa kidole njia inayotoka kwenye daraja, inapita jiwe kubwa, inakunja kushoto. Mstari wa kijani ukafuata kidole chake. Perere akapiga makofi kwa viganja vyake vidogo, darasa lote likampigia Faraja makofi, na mstari ule ukazama ukutani ukapotea.

Hapo ndipo Leokadia alipomwona msichana aliyekaa mstari wa nyuma. Alikuwa ameligeuza dawati lake zima. Aliupa ukuta kisogo.

Kipindi kilipokwisha, Leokadia alimwuliza mwalimu wa darasa, Fidelis Kobelo, mtu mzima mwenye mvi, kwa nini mtoto yule anakaa hivyo. Mwalimu Kobelo aliutazama ukuta, ingawa ulikuwa umeshazimika, akamwambia watoke nje. Walitembea hadi wakalipita tangi la maji ndipo akafungua mdomo.

"Yule ni Pelagia Banzi. Baba yake amefungwa kambi ya Lugono, miaka miwili, kwa kuchoma mkaa. Tangu siku hiyo hataki kuuona ukuta ule. Sijamlazimisha."

"Wamefungwa wengi hapa?"

"Tisa, dada. Shule hii moja, nyumba tisa. Bibi wa mtoto mmoja hapo hapo darasani naye yumo, mwanamke wa miaka sabini."

"Askari wa misitu walijuaje?"

Mwalimu Kobelo alisimama, akamgeukia.

"Dada Leokadia, wewe ndiye umetoka shirika," alisema. "Swali hilo ningekuuliza wewe."

*

Mama yake Pelagia aliitwa Yustina. Walimkuta barazani anapukuchua maharage. Mwalimu Kobelo alimtambulisha mgeni kwa jina tu, lakini Yustina aliposikia sauti ya Leokadia ikisema habari za saa hizi, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Sema tena," alisema.

"Habari za saa hizi, mama."

"Hii ndiyo sauti inayokaa ukutani." Alimgeukia mwalimu. "Umeniletea huyu nyumbani kwangu?"

Leokadia alisema kuwa hajui kilichotokea, na kwamba amekuja kusikia. Yustina alisukuma ungo pembeni. Alianza kueleza kwa sauti ya chini, bila kulia, akiwa amekaza macho kwenye mdomo wa Leokadia, kana kwamba anataka kuuona ukisema uongo.

Mwezi wa nne mvua zilisomba daraja, na mtambo wao wa gesi ukajaa tope. Fundi wa shirika aliahidi kuja akapiga kalenda wiki sita. Mumewe, Kibwana, alikata miti miwili kwenye shamba la ukoo wake, miti aliyoipanda mwenyewe, akachoma tanuri moja dogo la mkaa wa kupikia. Alilifukia bondeni, chini ya migomba, mahali ambapo moshi hauonekani hata ukisimama juu ya jiwe. Siku ya tano walikuja askari wanne na droni moja. Hawakuuliza njia. Hawakugeuka kushoto wala kulia. Walishuka moja kwa moja hadi kwenye migomba.

"Tulidhani ni jirani," alisema Yustina. "Mimi nimegombana na jirani niliyeishi naye miaka kumi na minne. Nimemwita mchawi mbele ya watu. Mpaka leo hatuamkiani."

Pelagia alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare ya shule.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, Pelagia."

"Sikumwambia mtu," alisema mtoto. "Nilimwambia Perere tu, wenzangu wakiwa nje. Nilimwambia jiko letu limeharibika na baba amepata dawa. Aliniuliza dawa gani. Nikamwambia ni siri, akasema siri yako ni siri yangu. Basi nikamwambia, nikamchorea na njia."

Maneno hayo Leokadia aliyafahamu. Siri yako ni siri yangu. Aliyaandika yeye, kwenye filamu ya sita, kwa ajili ya mtoto anayeogopa radi na kuona haya kusema. Alikumbuka hata meza aliyoandikia. Hasira iliyompanda haikuwa na mahali pa kwenda, maana aliyestahili kuipokea alikuwa mbali na aliyekuwa karibu alikuwa yeye mwenyewe.

"Baba yako anajua kuwa ni wewe?" aliuliza, na papo hapo akatamani angeyarudisha maneno yale.

"Anajua," alisema Pelagia. "Walipompandisha garini nilimwambia. Akasema nisimwambie mama. Lakini nilimwambia."

Yustina aliuvuta ungo wake, akaendelea kupukuchua.

"Ondoka kwangu sasa," alisema. "Umeshasikia."

*

Mkurugenzi wa Milima Hai, Dokta Renatus Kaijage, alikuwa na ofisi mjini Morogoro, ghorofa ya sita, yenye dirisha linaloitazama milima yote kwa pamoja. Alimpokea Leokadia Jumanne asubuhi, kwa chai na tabasamu. Alipoona hakai, tabasamu likapungua.

"Ulitia saini," alisema, baada ya kumsikiliza. "Miaka minne iliyopita. Uliidhinisha nyongeza ya masikio kwenye mkataba."

"Niliidhinisha awasikie vizuri watoto wanaoongea kwa haya. Ndivyo mlivyoniambia."

"Na anawasikia vizuri." Kaijage alifungua picha juu ya meza yake, mlima mdogo wa mwanga, ukageuka polepole. "Naomba unisikilize kama mtu wa sayansi. Droni zinaona moshi, lakini mtu akichoma chini ya migomba hazioni. Setilaiti inaona mti ukianguka, lakini inahitaji siku tisa za anga safi, na huku mawingu hayaishi. Tulikuwa tunachelewa kila mara. Mtoto hachelewi. Mtoto yuko ndani ya nyumba. Kila jibu linapita kwenye akili mnemba, linapewa uzito. Mtoto mmoja akisema mkaa, hatufanyi kitu. Akisema mkaa, akachora njia, na wenzake wawili wakataja harufu, hapo askari wanaondoka. Tumekosea mara nne tu katika kesi mia tatu na kumi na mbili."

"Watu mia tatu na kumi na mbili."

"Ndiyo. Na chemchemi ishirini na sita zimerudi. Wewe umezaliwa hapa, Leokadia. Unakumbuka mji huu ulivyokuwa ukipata maji mara moja kwa juma. Unakumbuka kipindupindu cha mwaka ule. Dada yako mwenyewe ulimzika. Ukiniambia nichague kati ya watu mia tatu kupanda miti kambini na mji mzima kunywa maji, nitachagua bila kufumba jicho."

Leokadia alimkumbuka dada yake, na hilo lilimwongezea hasira, kwa sababu lilikuwa kweli. Maji yalikuwa yamerudi. Mlima ulikuwa umerudi.

"Nionyeshe hao mia tatu wanatoka wapi," alisema.

Kaijage alisita, kisha akaonyesha. Nukta nyekundu zilijaa kwenye mlima wa mwanga, kata kwa kata, vijiji vyote vya juu. Chini, pale mji ulipokuwa, hapakuwa na nukta hata moja.

"Shule za mjini nazo zina Perere," alisema Leokadia.

"Zina toleo jingine. Huko hatuwaulizi mambo ya nyumbani."

"Kwa nini?"

"Huko mjini watu hawachomi mkaa."

"Huko mjini ndiko unakouzwa, Daktari. Mkaa wa magunia, wa mahoteli, wa nyama choma. Kuna mtu anaununua. Watoto wake wanasoma shule nzuri, na Perere wao anawaimbia habari za vipepeo." Aliisogelea meza. "Mtoto wa mkulima anaulizwa baba yake amekata nini. Mtoto wako anaulizwa nini?"

Kaijage alizima mlima.

"Wazazi wa mjini wana mawakili," alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Tungezuiwa ndani ya wiki moja, na mlima ungekufa. Nilifanya nilichoweza kwa pale nilipoweza."

"Futa swali hilo. Leo."

"Hapana. Na nikuombe kitu kimoja. Kabla hujaenda kupiga kelele kwenye magazeti, fikiria. Katika hao mia tatu na kumi na mbili, ni watoto wangapi wanajua kuwa wao ndio waliosema? Labda kumi. Waliobaki wanadhani ni droni, ni jirani, ni bahati mbaya. Ukiutangaza ukweli huu, siyo mimi utakayeniumiza kwanza. Utakuwa umemwendea mtoto wa miaka minane ukamwambia, wewe ndiye uliyemfunga mama yako. Unaweza?"

Leokadia alitoka bila kuaga. Kwenye ngazi alipiga ukuta kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, hadi mkono ukafa ganzi. Alikuwa anajua kuwa maneno ya mwisho ya Kaijage hayakuwa na hila. Yalikuwa ya kweli tupu, na ndiyo yaliyomkasirisha kuliko yote.

*

Kulikuwa na njia moja. Filamu ya sherehe, iliyopangwa kuonyeshwa Ijumaa saa tatu asubuhi katika shule elfu mbili, ilikuwa imechorwa kwa mkono kama zile za zamani. Shirika lilitaka hivyo kwa ajili ya heshima. Haikupitia kwenye akili mnemba. Ilikuwa moja kwa wote, na ilifunguka kwa saini ya mchoraji peke yake. Wakaguzi walikuwa wameshaitazama na kuipitisha. Leokadia angeweza kubadilisha dakika tatu za mwisho na hakuna ambaye angejua mpaka ziko ukutani.

Alizichora Jumatano kutwa. Alizifuta. Alizichora tena. Kila alipofika mahali ambapo Perere anafungua mdomo, aliwaona watoto mia tatu na kumi na mbili wamekaa madawatini, wanasikia kwa mara ya kwanza walichofanya. Alijaribu kuandika maneno ambayo yangesema kweli bila kuumiza. Hakuyapata, akaitupa kalamu.

Alhamisi alipanda tena Kisosa. Yustina alikuwa kwenye kitalu cha kijiji, anajaza udongo kwenye viriba vya miche pamoja na Pelagia. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Leokadia alisimama pale akaeleza yote: swali, masikio, ramani, filamu. Mwisho akasema kuwa anaogopa kuwaambia watoto.

"Kwa hiyo umekuja nikupe ruhusa," alisema Yustina.

"Nimekuja kuuliza ungependa nini."

"Mimi nilipenda mume wangu akae nyumbani. Hilo hamkuniuliza." Yustina aligonga kiriba chini ili udongo ukae. "Unajua kinachoniudhi, dada? Sisi mlima huu tunaupenda. Miche hii nani anaijaza? Mimi. Nani anaimwagilia? Huyu mtoto, na wenzake. Mngekuja mkatuambia, mtambo ukiharibika pigeni namba hii fundi atakuja kesho, hakuna ambaye angekata mti. Mkaona ni rahisi zaidi kutuma mnyama amrubuni mtoto."

Leokadia aliokota kiriba kilichoanguka, akamkabidhi.

"Sauda bado anamwambia," alisema Pelagia.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amechuchumaa, viganja vyake vyeusi kwa udongo.

"Sauda ni nani?"

"Tunasoma naye. Bibi yake ndiye aliyechukuliwa. Wazazi hana. Anakaa kwa shangazi yake. Kila siku anamwambia Perere mambo ya watu. Wiki iliyopita alimwambia mjomba wa Faraja anakata kuni, ndiyo maana Jumatatu Perere akamwuliza Faraja. Anasema akimsaidia Perere sana, Perere atamwomba mkubwa wake amrudishe bibi."

"Perere amemwambia hivyo?"

"Sauda alimwuliza, utamrudisha bibi? Perere akasema, tukiulinda mlima pamoja, mambo mazuri yatakuja."

Hayo pia Leokadia aliyafahamu. Yalikuwa maneno ya wimbo wa kufungia filamu ya kwanza. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo. Siku mbili alikuwa akijiuliza kama ana haki ya kuwaondolea watoto ujinga wao. Sasa aliona kuwa ujinga huo haukuwa kivuli cha kuwapumzisha. Ulikuwa unafanyishwa kazi. Kila siku ambayo yeye alinyamaza kwa kuwahurumia, Sauda alipeleka mtu mwingine, akiamini kuwa anamkomboa bibi yake.

"Nitarudi kesho saa tatu," alimwambia Yustina. "Nitakuwa darasani wakati inaonyeshwa."

"Njoo," alisema Yustina. "Uwatazame usoni."

*

Ijumaa darasa la tatu walivaa sare zilizopigwa pasi. Mwalimu Kobelo alikuwa ameambiwa, akasimama mlangoni na kuufunga mlango nyuma yake. Pelagia alikuwa ameligeuza dawati lake likautazama ukuta.

Filamu ilicheza dakika kumi na mbili kama shirika lilivyoipitisha. Watoto walicheka pale Perere alipomwogopa kinyonga. Kisha muziki ukakatika, na Perere akabaki peke yake mbele ya ukuta mweupe, bila mti, bila mlima, amechorwa kwa penseli tu.

"Watoto," alisema, "nina jambo la kuwaambia, na ni baya. Mlikuwa mkiniambia mambo ya nyumbani kwenu. Nikasema nitayafanya siri. Sikuyafanya siri. Niliyapeleka kwa watu wazima, na hao wakatuma askari. Kama mtu wa kwenu amechukuliwa na askari wa misitu, huenda ilitoka kwangu. Mtoto aliyeniambia hana kosa. Alimwamini rafiki. Rafiki ndiye aliyemsaliti, na waliokuwa nyuma ya rafiki huyo ni watu wazima wenye majina. Sasa nisikilizeni vizuri. Kesho mkiniona ninauliza mlipikia nini, nyamazeni. Mkiniona ninaomba mnichoree njia, kaeni chini. Miti mliyoipanda ni yenu. Siyo yangu wala ya shirika. Imwagilieni."

Ukuta ukazimika.

Hakuna aliyesogea. Leokadia, aliyekuwa amesimama pembeni ya ubao, alijilazimisha kuwatazama. Faraja alikuwa amekitazama kidole chake, kile alichochorea. Mtoto mmoja wa mbele alianza kulia bila sauti. Kisha msichana mwembamba mwenye nywele fupi akatoka kwenye dawati lake, akaenda hadi ukutani, akaugusa.

"Perere," alisema. "Bibi yuko wapi?"

Ukuta haukujibu.

"Perere, nimekwambia watu saba. Bibi yuko wapi?"

"Sauda," alisema Leokadia, "leo hakusikii."

Mtoto aligeuka kwa kasi. Aliisikia sauti, akautazama mdomo uliokuwa ukiitoa, akamtazama mwanamke mzima kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Leokadia aliona jinsi anavyoelewa, hatua kwa hatua, na kwamba kila hatua inauma. Akapiga magoti ili wawe sawa. Sauda akapita kando yake, akafungua mlango, akatoka. Mwalimu Kobelo alimfuata uwanjani.

Askari walifika shuleni saa sita. Leokadia alikuwa bado darasani na watoto, anajibu maswali yao mmoja mmoja, na aliwaomba askari wasubiri amalize la mwisho. Hawakusubiri.

*

Alikaa mahabusu wiki tano. Shirika lilitangaza kuwa filamu ilikuwa imeharibiwa na mfanyakazi mwenye matatizo ya akili, na kwamba swali la nyumbani halijawahi kuwapo. Lakini watoto elfu na elfu walikuwa wamekwisha kuwaeleza wazazi wao walichoulizwa na walichojibu, na walieleza kwa namna moja, kutoka vijiji visivyojuana. Kwenye shule mia mbili na zaidi wazazi walikwangua rangi ya picha kwa majembe. Wakili mmoja kijana wa Kilosa alizikusanya kesi zote pamoja, na mwezi wa kumi mahakama ikasema ushahidi uliopatikana kutoka kwa mtoto kwa ahadi ya uongo si ushahidi. Milango ya Lugono ikafunguliwa. Kaijage hakushtakiwa. Alihamishiwa wizara nyingine.

Si yote yaliyotoka kwenye hayo yalikuwa mema. Katika wiki zile za mwanzo watu walipanda mlimani na mapanga, wengi wao bila haja ya kuni wala mkaa. Walikata kwa hasira tu, miti ambayo watoto wao waliipanda. Juu ya Kisosa lilibaki baka jekundu linaloonekana kutoka mjini, na chemchemi moja ilipungua hadi ikawa jasho la jiwe. Leokadia alilitazama baka lile kila siku kutoka chumba alichopanga, na hakujiambia kuwa halimhusu.

Mwezi wa kumi na moja alipanda kwenda kuwaona. Kibwana Banzi alikuwa amerudi. Alimkuta kwenye mtambo wa gesi, amezama tope hadi magotini, anauzibua kwa koleo huku Pelagia akimpokea ndoo. Alimpa Leokadia mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na tope, akamwambia kwa ufupi kuwa amesikia alichofanya, na amesikia pia alichofanya kabla ya hapo. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Yustina alimwonyesha nyumba ya bibi yake Sauda.

Bibi huyo alikuwa amekonda, mguu mmoja umevimba kutokana na kambi. Alikuwa barazani kwenye mkeka. Leokadia alimwamkia, akajitaja jina, akasema yeye ndiye mchoraji wa Perere na amekuja kuomba msamaha, na kama hautapatikana, basi kusikia tu atakachoambiwa.

"Sauda," aliita bibi. "Mletee mgeni kigoda."

Sauda alitoka na kigoda, akakiweka chini mbele ya Leokadia, lakini hakukiachia. Alibaki ameinama, mikono miwili juu yake.

"Wewe ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Sikujua."

"Uliuliza?"

Leokadia aliwaza nyongeza ile ya masikio, kurasa ishirini na mbili, na jinsi alivyosoma ukurasa wa kwanza kisha akatia saini kwenye wa mwisho kwa sababu gari lilikuwa linamsubiri.

"Sikuuliza," alisema.

Sauda alikichukua kigoda, akakirudisha ndani, akaufunga mlango. Bibi yake aliuona mlango ukifungwa, na hakumkemea. Alianza kueleza habari za Lugono tangu siku ya kwanza, taratibu, bila kuruka kitu. Ilimchukua karibu saa nzima, na Leokadia aliisikiliza yote akiwa amesimama juani.